Mbao mbichi inamaliza miti ya Masisi

Goma, mashariki mwa Kongo, ni mji wa mbao. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipofunika katikati ya mji Januari 2002, watu walirudi wakajenga juu ya jiwe lilelile, na nyumba ya mbao ndiyo iliyowezekana haraka: nyepesi, haitaki msingi wa kina. Mbao nyingi ni za mikalatusi ya wakulima wa Masisi, eneo la milima jirani na Goma. Bei ikipanda, tunaambiwa tupande miti zaidi. Tupande, ndiyo. Lakini kwa maoni yangu hasara kubwa iko kati ya kisiki na ukuta.

Mnyororo wa tronsoneze, msumeno wa injini wa kuangushia miti, unakula karibu milimita 9 kila ukipita. Ukichana mbao za sentimita 2.5, gogo la unene wa sentimita 34 linatoa mbao 10. Msumeno wa mkanda, unaokula milimita 3, ungetoa 12. Mbao mbili zimekuwa unga, na mwenye shamba hakulipwa hata moja. Tena tronsoneze ikishikwa bila fremu huyumba. Ubao unatoka mnene huku, mwembamba kule, na randa ya seremala inamaliza kilichobaki.

Mukalatusi hukua umejikaza: nje ya shina inavutwa, moyo unabanwa. Ukiangushwa, mkazo unafunguka na ncha zinapasuka. Kwa hiyo gogo lisilale wiki mbili porini. Lichanwe ndani ya siku chache, ligeuzwe kila baada ya mbao chache ili pande zote zipungue sawa, na moyo utengwe, huo ni wa kuchoma makala. Ncha zipakwe rangi nzito.

Kwenye kukausha ndiko tunakosea zaidi. Mbao zinashushwa depo leo, kesho zimepigiliwa. Zikikaukia ukutani zinapungua upana, misumari inalegea, upepo na vumbi vinaingia. Zipangwe kivulini, sentimita 40 juu ya ardhi, fito kati ya tabaka kila sentimita 50, fito za tabaka zote zikilingana wima, la sivyo ubao unapinda. Juu yake mawe ya lava, hayo hatuyanunui. Miezi mitatu au minne.

Mwenye depo hawezi kusubiri kama ubao mkavu unalipwa sawa na mbichi. Parokia, shule na wakandarasi wanaonunua kwa wingi ndio wa kuanza: waandike “mbao kavu” kwenye oda, walipe tofauti, na wapime wenyewe. Kipande kimoja cha rundo kipimwe kwenye mizani kila wiki. Uzito usiposhuka tena wiki mbili mfululizo, mzigo upokelewe.