Neema Haisubiri Mlango Ufunguke

Nilifundisha kwaya miaka 14, na muda wote huo niliamini kwamba sauti ndiyo zawadi niliyopewa nimtumikie Mungu nayo. Ilipoanza kukwaruza sikushtuka. Nilikunywa maji ya moto na kuendelea na mazoezi. Baada ya miezi michache nikawa nafungua kinywa niwaonyeshe waimbaji wa sauti ya tatu mstari wao, inatoka pumzi tupu. Daktari wa masikio, pua na koo akanionyesha kwenye picha vinundu viwili vimeota kwenye nyuzi za sauti, kimoja kila upande, vinatazamana. Vilikuwa vimekwisha kukomaa. Nikafanyiwa upasuaji, nikaamriwa siku saba nisitoe neno lolote, hata kunong'ona nisinong'one, halafu wiki kadhaa za kuongea kwa kipimo.

Siku ya nne ya ukimya ule, baba alipata kiharusi.

Kilichoumia ni upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko yaliko makao ya lugha. Tukimwambia jambo alielewa, macho yake yalionyesha. Ila maneno hayakumtoka. Alitaka kuomba maji, ikatoka sauti isiyo na umbo, akafumba macho kwa aibu. Ndugu zangu walimsemesha kwa nguvu, wakimbembeleza ajaribu tena, na kadiri walivyombembeleza ndivyo alivyozidi kuugeukia ukuta. Mimi sikuwa na la kumwambia kwa kuwa sikuruhusiwa kusema. Nilikaa kando ya kitanda tumeshikana mikono, mabubu wawili. Kwangu mimi hakugeukia ukuta.

Jioni moja mgonjwa wa kitanda cha jirani alianza kuimba polepole wimbo wa zamani wa kanisani. Ilipofika kibwagizo, baba akaingia na besi yake. Maneno yote yalikuwemo, yamekamilika, hakuna hata moja lililopotea. Aliimba ubeti mzima mtu ambaye asubuhi yake alishindwa kulitaja jina langu. Baadaye nilikuja kujifunza kwamba jambo hili wataalamu wanalifahamu: aliyepoteza usemi kwa kiharusi huweza kuimba maneno asiyoweza kuyasema, na tangu mwaka 1973 ipo tiba inayotumia wimbo, pamoja na kumgonga mgonjwa mapigo kwenye mkono wa kushoto, ili kumrudishia maneno. Jioni ile sikuyajua hayo. Nilijua mapigo tu, kazi yangu ya miaka 14. Nikamgongea kwenye kiganja, naye akaimba, na machozi yetu sote wawili yakatoka bila sauti.

Sasa, kila ninayemsimulia habari hii huniambia jambo lilelile, tena kwa nia njema kabisa: “Unaona? Mungu alikunyamazisha makusudi, ili uwe tayari kwa ajili ya baba yako.” Nimelisikia mara nyingi, na kila mara roho yangu inakataa. Naiamini neema ya Mungu kwa moyo wangu wote. Maelezo hayo ndiyo siyaamini. Yana haraka, na yanamfanya Mungu kuwa fundi anayevunja chombo kimoja ili apate kipuri cha kingine. Baba hakupona. Aliishi miezi kumi na mmoja baada ya hapo, akaimba nyimbo nyingi, akasema maneno machache, akafariki. Sauti yangu ilirudi ya kuongea, ya kuimba haikurudi. Kama hayo yalikuwa mahesabu, hayajalingana.

Nimerudia mara nyingi habari za Yusufu, kwa sababu ndizo tunazokimbilia maisha yanapopinda. Tunapenda jinsi zinavyoishia, tunaruka katikati. Yusufu alikuwa na miaka 17 habari zake zinapoanza, akauzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha, na alikuwa na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Hapo kati kuna miaka kama 13 ya utumwa na gereza, pamoja na miaka miwili mizima baada ya mnyweshaji wa Farao, ambaye Yusufu alimtafsiria ndoto, kutoka gerezani na kumsahau. Miaka miwili ya kusikiliza mlango kila asubuhi.

Lipo jambo katika sura ya 39 ya Mwanzo lililonikamata. Maneno “BWANA akawa pamoja na Yusufu” yanakuja Yusufu akiwa mtumwa katika nyumba ya Potifa. Yanakuja tena, yaleyale, akiwa gerezani kwa kosa asilolitenda. Alipopandishwa gari la pili la Farao, amevishwa pete na kitani safi, watu wanapigiwa mbiu wapige magoti, msimulizi hayarudii. Sisi tungeyaweka hapo. Tungengoja pete ndipo tuseme, naam, sasa Bwana yupo pamoja naye. Aliyeiandika habari ile aliyaweka utumwani na gerezani, wakati hakuna aliyejua kama ipo njia ya kutoka.

Na Yusufu mwenyewe hakulipaka shimo rangi. Mwanawe wa pili alimwita Efraimu, na katika kueleza jina hilo akaiita Misri nchi ya mateso yake, ilhali amekwisha kuwa mkubwa katika nchi hiyo. Hata kilio chake hatukisikii siku anapotupwa shimoni. Sura ya 37 imekaa kimya. Tunakuja kukijua miaka mingi baadaye, katika sura ya 42, ndugu zake wanapokiri kwamba aliwasihi nao wakaona shida ya nafsi yake wasimsikilize. Kilio hicho hakikufutwa na cheo. Na mwishoni kabisa, anapowaambia wale ndugu, “Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema,” hayaruki mabaya. Anayaita kwa jina lake kwanza.

Tena ni yeye aliyeuzwa anayesema. Hili nalishikilia sana. Maneno hayo yangetoka kinywani mwa wale waliomuuza yangekuwa matusi.

Tazama habari za Samuel Ajayi Crowther. Alikamatwa na wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1821, mvulana wa miaka kama 13, katika nchi ya Wayoruba, Nigeria ya leo. Mwaka 1822 meli iliyombeba ilikamatwa na jeshi la majini la Uingereza, akashushwa Freetown, Sierra Leone. Akasoma, akawa mchungaji, akashiriki kuitafsiri Biblia kwa Kiyoruba, na mwaka 1864 akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika katika Kanisa la Anglikana. Ukiisimulia upesi, utasema Mungu alimpitisha utumwani ili apate askofu. Lakini yupo mama. Mama yake aliishi miaka ipatayo 25 bila mwanawe, wakaja kuonana mwaka 1846. Simulizi yoyote ya neema ambayo haina nafasi ya ile miaka 25 ya mama, kwangu ni pungufu. Naamini Mungu alikuwa pamoja na mtoto melini. Naamini alikuwa pamoja na mama pia, siku moja moja, kabla ya kukutana, hata kama wasingekutana. Wezi waliomwiba mtoto yule waliiba, basi.

Ndiyo maana nina shida na namna tunavyotoa ushuhuda makanisani. Mtu husimama baada ya mlango kufunguka. Kazi imepatikana, mtoto amezaliwa, vipimo vimerudi safi, ndipo anaitwa mbele. “Mungu si Athumani,” tunasema, na husemwa zaidi pale mambo yanaponyooka. Aliyebaki gizani anakaa kwenye benchi anapiga makofi, na taratibu anajifunza kwamba neema ni kitu kinachowafikia wengine. Nimewaona watu wakiacha kuja kwa sababu hiyo. Hawakumkana Mungu. Walichoka tu kukosa cha kusimulia.

Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, na jibu lililokuja, “Neema yangu yakutosha,” lilikuwa ni kunyimwa alichoomba. Tumelifanya pambo la ukutani. Laiti tungelisoma kama alivyolisikia aliyekuwa bado anachomwa.

Basi nikiulizwa neema ilikuwa wapi kwenye mwaka wangu ule, najibu ninachokijua. Ilikuwa kwenye kiganja cha baba. Kwa nini viliota vinundu, najua: niliitumia sauti vibaya miaka mingi. Kwa nini mshipa uliziba kwenye kichwa cha baba, madaktari walitueleza. Hayo mawili kukutana wiki moja, sijui ni nani aliyeyapanga, wala silazimiki kujua. Ila najua nilikuwa pale, nisiye na neno, na baba hakuhitaji neno. Njia ilipinda ikatupeleka sote mahali ambapo hakuna aliyetaka kwenda, tukakuta hatuko peke yetu. Nililijua jioni ileile, kabla sijajua mambo yataishaje. Hata kama baba asingeimba kibwagizo chochote, nadhani ningelijua bado.

Kwaya nafundisha tena, kwa mikono na kinanda. Mistari ya sauti ya tatu anawaonyesha kijana mmoja ambaye zamani nilimkalisha nyuma.

Mwezi uliopita, wakati wa shuhuda, alisimama dada mmoja ambaye sikuwahi kumsikia akiongea mbele ya watu. Akasema bado hajapata kazi. Akasema mama yake bado anaumwa, na jibu la lile analoliombea halijaja, na kwamba hakusimama kuleta habari ya ushindi. “Nimesimama tu kusema kwamba usiku siko peke yangu,” akasema, akakaa. Kanisa lilinyamaza. Watu walitazamana, hawajui kama huo ni ushuhuda au ni ombi, kama wapige makofi au waanze kumwombea.

Mimi nilipiga makofi.