Jaribio Lililokwama Jangwani

Muhtasari wa kozi huwa hausomwi. Unautupia kwenye grupu la WhatsApp la darasa, kurasa tele, wanachuo wanajibu kwa dole gumba, halafu wiki ya 7 mtu anakuuliza, "Madamu, kwani kuna jaribio?" Basi muhula wa masika, kwa kozi yangu ya takwimu, nikaamua kuuchora. Karatasi moja ya A3, umbo la ramani ya mwendokasi, yale mabasi ya haraka ya Dar.

Nilijiona nimepatia kweli kweli. Kila mada kituo. Wastani unapandia Kimara. Mkengeuko sanifu nikauweka Ubungo, maana hapo ndipo wengi hushuka. Samawati ni mihadhara, kijani ni vitabu vya kusoma, nyekundu ni vitu vyenye alama: koswek (kazi za muhula) 40, na mtihani wa mwisho 60 kule Kivukoni. Pale Fire njia inapogawanyika, waliofaulu wananyoosha, wa sapu, yaani wa kurudia mtihani, wanakata kwenda kituo cha Gerezani. Jaribio la kwanza nikaliweka Jangwani.

Mtu wa Dar hapo ameshaanza kucheka.

Wanachuo wakapeleka ramani steshenari. Kopi ya rangi ghali, kwa hiyo wakatoa nyeusi na nyeupe, tena A3 ikabanwa iingie A4. Rangi zangu zote zikawa kijivu. Jaribio na kitabu havitofautiani. Binti mmoja akaniletea sura nzima ya kitabu ameifupisha kwa mkono, akidhani inakusanywa. (Huyo sikumwambia kitu. Aendelee hivyo hivyo.) Mzazi mmoja naye akapiga simu, sauti inatetemeka: "Samahani mwalimu, nimeona karatasi ya mwanangu. Mtoto akifeli anapelekwa Gerezani? Na ada nimemaliza kulipa!"

Kisha mvua za Aprili zikashuka. Mto Msimbazi ukafurika, Jangwani pakawa ziwa, barabara ikafungwa, mabasi ya kutoka Kimara yakawa yanaishia Magomeni. Usiku wa kuamkia jaribio, kiongozi wa darasa, kijana mpole sana, akaandika kwenye grupu:

"Shikamoo madamu. Pole na mvua. Tumekaa kama darasa tukapitia ramani yako. Jaribio liko Jangwani, na huduma Jangwani imesitishwa hadi maji yapungue. Darasa linasubiri Magomeni."

Chini yake madole gumba yakamiminika, hata ya watu ambao sura zao sijawahi kuziona darasani.

Nikajibu kwamba jaribio liko ukumbini, saa 2 asubuhi, kama kawaida. Akarudi: "Sawa madamu. Ila abiria wanauliza, nauli ya koswek itarudishwa?"

Asubuhi nikaenda kushtaki kwa mkuu wa idara. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu mkononi, anakaa Kimara. Akaitazama ramani, akafuata mstari kwa kidole, kikasimama Jangwani.

"Mwalimu, mimi mwenyewe nimepakatana na watu kwenye bajaji. Kwani wamekosea wapi hawa?"

Jaribio likasogezwa Fire.

Sasa nachora muhtasari mpya, wa SGR, treni ya umeme: Dar, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro. Hakuna Jangwani humo. Nilimwonyesha yule kiongozi wa darasa. Akautazama kwa makini, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mzuri sana, madamu. Na umeme ukikatika?"