Kanta ya Kwanza Ifundishwe Kabla Haijaja

Shule nyingi za kupanda farasi pembezoni mwa Nairobi, hasa pande za Karen na Langata, humfundisha mgeni kwa utaratibu uleule: kwanza farasi hutembea tu, kisha huja troti, yaani mwendo wa kudundadunda wenye midundo miwili, na baada ya wiki au miezi kadhaa huja kanta, mwendo wa midundo mitatu ulio kati ya troti na shoti. Sina ugomvi na utaratibu huo. Ninachokipinga ni dhana iliyojificha ndani yake, kwamba kwa kuwa kanta imepangwa mwisho, basi itangoja zamu yake. Farasi hana habari ya ratiba. Kwa wanafunzi wengi ninaowafahamu, nami nikiwemo, kanta ya kwanza ilikuja bila kuitwa, na ilipokuja tulikuwa hatujafundishwa rasmi la kufanya.

Yangu ilinipata katika njia ya udongo mwekundu kandokando ya msitu wa Ngong Road, asubuhi moja ya Julai, majira ambayo baridi ya Nairobi huwachangamsha farasi kuliko inavyowachangamsha wapandaji wao. Tulikuwa msafara mdogo: mwalimu mbele, wanafunzi katikati, na nyuma kabisa saisi mmoja wa makamo aliyekuwa akiwatunza farasi hao siku zote. Kabla hatujatoka bandani, alipokuwa akikaza mkanda wa tumbo wa farasi wangu, alikuwa ameniambia kwa sauti ya chini, "Mama, huyu akiinua kichwa, shika nywele za shingo. Hatamu usizivute." Nilimjibu, "Sawa, mzee," kisha tukaondoka. Njia ilipoanza kupanda, farasi wa mbele walipotelea kwenye kona. Wangu akasimamisha masikio, akainua kichwa, troti yake ikaenda kasi hadi ikakosa mpangilio, na ghafla kule kudundadunda kukakoma. Nikajikuta nikiinuliwa na kushushwa, nikiinuliwa na kushushwa, kama abiria wa kiti cha nyuma katika matatu inayopita matuta mfululizo huku dereva akiwa hana nia ya kugusa breki.

Jambo nililolitambua kwanza lilikuwa pumzi yake. Farasi anapokwenda kanta hupumua mara moja kwa kila mzunguko wa hatua, kwa hiyo mkoromo mfupi wa puani ulitoka kila mabega yake yaliposhuka, bila kupungua wala kuzidi, na kwa namna nisiyoweza kuieleza vizuri, utaratibu ule ulinituliza. Vidole vyangu vilikuwa tayari vimezama katika nywele za shingo, ngumu na zenye unyevunyevu wa ukungu. Nyuma yangu saisi aliita, "Keti, mama, keti! Angalia mbele!" lakini hakuja kunikimbilia. Mwalimu naye alikuwa amesikia vishindo, akamsimamisha farasi wake njia panda na kungoja. Wangu alipowafikia wenzake alirudi kwenye troti, kisha akatembea, kisha akainamisha kichwa kutafuta majani. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko unaohitajika kuyasimulia.

Maagizo yaliyonisaidia siku ile hayakuwa sehemu ya somo lolote. Yalitoka kwa saisi, kwa hiari yake, kwa sababu alimjua farasi na alinitazama nikipanda. Ndiyo maana nasema pasipo kusitasita kwamba shule inayomtoa mwanafunzi nje ya uwanja wa mazoezi kabla ya kumfundisha namna ya kukaa juu ya kanta isiyotarajiwa, hata kama bado haijamfundisha namna ya kuiomba, imeacha kazi yake nusu. Maarifa yapo bandani. Yamekaa tu kwa watu ambao hawaombwi kufundisha.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika mji wetu kutokana na asili ya farasi tunaopanda. Uwanja wa mbio wa Ngong, ambao umekuwa ukitumika tangu mwaka wa 1954 chini ya Jockey Club of Kenya, huwastaafisha farasi wakiwa bado na miaka mingi ya kuishi, kwa sababu maisha ya mbio ni mafupi na farasi akitunzwa vyema anaweza kuishi zaidi ya miaka 25. Baadhi yao huishia katika shule za wanaoanza. Wengi ni wapole ajabu, wenye subira kushinda walimu wao, lakini elimu yao ya kwanza waliipata kwa mpanda mbio, na mpanda mbio huzungumza nao kwa lugha tofauti kabisa. Farasi wa mbio hufundishwa kuegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, kiasi kwamba hatamu zikivutwa kwa nguvu sawa pande zote mbili, yeye hupata kitu cha kujitegemeza na hukaza mwendo. Mpanda mbio huinama mbele na kuinua makalio kutoka kwenye tandiko, na hiyo pia kwa farasi huwa na maana ya kwenda.

Sasa mfikirie mtu mzima aliyeshtuka. Mwili wake hujikunja mbele, magoti na visigino hubana ubavu, mikono huvuta hatamu na kuzing'ang'ania. Kila kimoja kati ya vitendo hivyo ni cha kujihami, na kila kimoja, kwa farasi aliyetoka Ngong, kinasomeka kama amri ya kukimbia. Visigino vinavyobana ndiyo ishara ileile aliyofundishwa kuitii shuleni. Kwa hiyo tunapata kioja cha mpandaji anayepiga kelele za "simama" kwa mdomo huku mwili wake wote ukisema "kimbia", na farasi, ambaye hajui Kiswahili wala Kiingereza ila anaujua mwili, anatii kile anachokihisi. Ongeza hapo silika ya kundi. Farasi ni mnyama anayewindwa, macho yake yamewekwa ubavuni mwa kichwa ili aone karibu pande zote, na salama yake tangu enzi na enzi imekuwa kutoachwa nyuma na wenzake. Wenzake wakitoweka kwenye kona, yeye hawafuati kwa ukaidi. Anafuata kwa sababu kubaki peke yake ndiko kunakomtisha.

Walimu kadhaa niliozungumza nao hawakubaliani nami, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema kwamba mwanafunzi akielezwa mapema kuhusu farasi kwenda kanta bila kuambiwa, ataanza kuingoja, atakakamaa, na kukakamaa kwake kutamtia farasi wasiwasi hadi jambo lenyewe litokee. Ni kweli kwamba hofu husafiri kutoka kwenye makalio ya mpandaji hadi mgongoni mwa farasi upesi kuliko neno lolote. Hata hivyo, hoja hiyo inachukulia kwamba kufundisha maana yake ni kuonya. Mimi sitaki mwanafunzi aonywe. Nataka afanyishwe mazoezi. Mtu aliyezoeshwa kushika nywele za shingo na kuketi chini, kwa kurudiarudia farasi akiwa anatembea, hana sababu ya kuogopa, kwa sababu mikono yake tayari inajua pa kwenda.

Mazoezi yenyewe hayahitaji gharama kubwa. Mkanda wa kawaida wa ngozi ukifungwa shingoni mwa farasi humpa mgeni kitu cha kushika ambacho hakimuumizi mnyama mdomoni. Mwanafunzi azoeshwe kuutafuta bila kuutazama, kuteremsha visigino, kurudisha mabega juu ya nyonga, na kutoa pumzi ndefu, kwa maana kutoa pumzi husaidia mwili ulegee. Afundishwe kuvuta hatamu na kuachia, kuvuta na kuachia, badala ya kuzikaza kama anayevuta ng'ombe shimoni. Afundishwe kumgeuza farasi katika duara pana akiwa uwanjani, ambapo kila mzunguko humpunguza kasi, na aelezwe waziwazi kwamba kona kali katika mwendo wa haraka, hasa kwenye udongo ulioloa wakati wa masika, inaweza kumtelezesha farasi na kuwaangusha wote wawili. Nasisitiza pia viatu vyenye kisigino, kwa sababu mguu usio na kisigino hupenya ndani ya kikuku cha tandiko, na mtu akianguka huku mguu umenaswa, huburutwa.

Zaidi ya yote, napendekeza kanta ya kamba. Mwalimu husimama katikati ya uwanja akiwa ameshika kamba ndefu iliyofungwa kwa farasi, farasi huzunguka, na mwanafunzi hana kazi ya kuongoza wala ya kusimamisha. Mwanafunzi anayeweza kuinuka na kuketi katika troti pasipo kupoteza vikuku anaweza kuonjeshwa mizunguko michache ya kanta kwa njia hiyo, si ili aijue, bali ili makalio yake yapate kumbukumbu yake. Atahisi mguu wa nyuma wa upande wa nje ukianza, kisha mguu wa nyuma wa ndani na wa mbele wa nje ikitua pamoja, kisha mguu wa mbele wa ndani, halafu ile nukta ya kuelea ambapo hakuna ukwato unaogusa ardhi. Nukta hiyo ndiyo inayowatisha wengi, kwa kuwa hufanana na mwanzo wa kuanguka. Aliyewahi kuihisi akiwa salama hataitafsiri hivyo akiikuta njiani.

Na wale wengine walio msafarani nao wana wajibu. Nimeona kijana mmoja mwenye nia njema akimfukuza kwa shoti farasi wa mwenzake aliyechopoka, na matokeo yake yakawa mashindano, kwa sababu farasi anayesikia kwato nyuma yake hawezi kujua kwamba anayemfuata amekuja kumsaidia. Mwalimu wangu na yule saisi walifanya linalopasa: mmoja alisimama, mwingine akabaki nyuma.

Kuna desturi mbili baada ya tukio ambazo zinanikera. Ya kwanza ni pongezi. Tuliporudi bandani, wenzangu walinipigia makofi na mmoja akatangaza kwamba sasa nimekuwa mpanda farasi kamili. Nilifurahi, sikatai, na ni lazima nikiri kwamba kanta ni tamu kuliko troti kwa mbali. Lakini kubaki juu ya mnyama wa kilo 450 kwa sekunde chache huku umeshika nywele zake si ustadi, na kuuita ustadi kunamshawishi mwanafunzi alirudie jambo ambalo bado hawezi kulisimamisha.

Desturi ya pili ni mbaya zaidi, nayo ni kumwadhibu farasi. Nilipokwenda mara iliyofuata nilimkuta farasi yuleyule amevishwa lijamu kali zaidi, kwa sababu kulingana na daftari la shule, "alimtoroka mteja". Chuma kikali mikononi mwa mtu ambaye bado hajui kutuliza mikono yake ni mateso, na mnyama anayeumia mdomoni huinua kichwa na kukimbia maumivu, kwa hiyo hata kwa hesabu ya usalama tu, hatua hiyo ilikuwa kinyume. Nilimwomba mwalimu, kwa adabu zote, amrudishie lijamu yake ya zamani na anifunge kwenye kamba uwanjani badala ya kunipeleka msituni. Alikubali shingo upande, akisema kwamba wateja wengi hulalamika wakizungushwa uwanjani kwa bei ileile ya safari ya msituni. Saisi hakusema neno. Alikwenda kuitafuta kamba.