Oksidi za metali na haidrojeni: asilimia 4 inapima nini hasa?

Ukimtajia mhandisi wa sola habari ya kutengeneza haidrojeni kwa oksidi za metali (misombo ya metali na oksijeni) zinazopashwa kwa jua, huenda akakujibu kwa namba moja: asilimia 4.1. Hiyo ndiyo sehemu ya nishati ya jua iliyoingia tanurini na kutoka ikiwa gesi ya kutengenezea mafuta, katika mnara wa jua wa Móstoles karibu na Madrid, Hispania, ambako vioo huelekeza mwanga kwenye tanuri, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022. Na mwanga uliopotea kwenye vioo haumo katika hesabu hiyo. Paneli za kawaida zenye ufanisi wa asilimia 20, zikiendesha mtambo wa kupasua maji kwa umeme, zinakaribia asilimia 13. Wengi wanafunga mjadala hapo. Naona wanaufunga mapema mno, maana asilimia ile inapima upungufu wa tanuri zaidi kuliko wa kemia.

Kazi yenyewe ni hii. Seria, yaani oksidi ya seriamu, ikipashwa hadi nyuzi 1,500 hivi huachia sehemu ya oksijeni yake. Ikipozwa hadi chini ya nyuzi 900 na kupitishiwa mvuke, hujirudishia oksijeni hiyo kwa kuipokonya maji, na haidrojeni hubaki huru. Seria inarudi ilivyokuwa. Gesi mbili hizo hutoka kwa nyakati tofauti, kwa hiyo hazipati nafasi ya kuchanganyika na kulipuka. Mkemia Mfaransa Lavoisier alipitisha mvuke kwenye mtutu wa bunduki uliopashwa moto katika miaka ya 1780 akapata haidrojeni, ila chuma chake kilibaki kutu. Mwaka 1977 Nakamura wa Japani alipendekeza kuirudisha oksidi ya chuma kwa joto la jua, lakini oksidi hiyo huyeyuka na kugandamana. Seria haiyeyuki katika joto hilo: mwaka 2010 kundi la watafiti lililowajumuisha Aldo Steinfeld na Sossina Haile, mzaliwa wa Ethiopia, liliipitisha katika mizunguko 500 ya kupashwa na kupozwa. Ufanisi ulikuwa chini ya asilimia 1.

Sasa tupige hesabu. Katika hali za kawaida za majaribio, kila molekuli 100 za seria huachia atomi kama 3 tu za oksijeni. Maana yake, kupata kilo 1 ya haidrojeni kwa mzunguko mmoja kunahitaji karibu tani 3 za seria. Kung'oa oksijeni yenyewe kunakula kama kWh 65, na haidrojeni inayopatikana ina kWh 33. Hadi hapo si haba. Lakini zile tani 3 lazima zipandishwe kutoka nyuzi 900 hadi 1,500, na hiyo peke yake ni zaidi ya kWh 200. Zinapopozwa, joto hilo lote hutupwa, kisha mzunguko unaofuata hulilipia upya. Ndiyo sababu nang'ang'ania hesabu hii: mzigo mkubwa ni joto linalopashia seria isiyotoa chochote. Joto la namna hiyo linaweza kuokotwa na kutumika tena. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walichora mfumo wa matanuri yanayofuatana kama mabehewa ya treni, lililopoa likipokea joto la lililo moto. Kwenye karatasi, unaweza kutumia hadi asilimia 40 ya joto la jua.

Kwenye karatasi, narudia, na hapo wapinzani wana hoja nzito. Kuhamisha joto la nyuzi 1,500 kati ya vitu vigumu ni shida kubwa. Kauri, kama seria yenyewe, inayopashwa na kupozwa kila siku hupata nyufa. Vioo vinataka jua kali lisilo na wingu, wakati paneli huzalisha hata anga likiwa na ukungu. Isitoshe, bei ya paneli imeshuka sana huku matanuri haya yakiwa bado ya majaribio.

Hata hivyo tanuri la seria lina jambo ambalo umeme haulipati kirahisi: linapasua maji na kaboni dioksidi kwa pamoja, hivyo mchanganyiko wa haidrojeni na kaboni monoksidi unaohitajika kutengeneza mafuta ya ndege hutoka moja kwa moja. Móstoles ilitoa mafuta ya aina hiyo. Wala seria si adimu kama jina la kundi lake, "madini adimu", linavyodokeza. Seriamu imo ardhini kwa wingi unaokaribia wa shaba. Huko Ngualla, mkoani Songwe nchini Tanzania, kinachowavutia zaidi wawekezaji ni neodimiamu na praseodimiamu za kutengenezea sumaku, ingawa seriamu imo katika mawe yaleyale.

Kwa haidrojeni ya viwanda vya mbolea, leo ningechagua paneli bila kusita. Kwa mafuta ya ndege za safari ndefu, ambazo betri bado haziwezi kuzibeba, ningeendelea kugharimia matanuri haya, kwa sharti kwamba kila ripoti ianze na kiasi cha joto kilichookolewa kati ya mzunguko mmoja na mwingine.