Ngisi wako anashindwa na maji, unga umeusingizia tu

Kila Ramadhani ikikaribia, au kukiwa na mechi kubwa watu wanakusanyika sebuleni, dada mmoja anauliza mtandaoni swali lilelile, jamani unga gani unafanya kamba wawe krispi kama wa hotelini? Majibu yanamiminika, huyu anasema kornflawa, yule chenga za mkate, mwingine eti weka mayai mawili na beking pauda, na mimi nasoma naguna tu maana hakuna hata mmoja aliyemuuliza huyo dada kama kamba wake aliwakausha kwanza.

Nenda pale Feri, soko la samaki la Dar, upande wa wakaangaji. Makarai yale makubwa, moto mkali, samaki hapakwi unga wala yai na bado anatoka mkavu mpaka mapezi unayatafuna. Sasa unga wa hotelini umeingiaje hapo? Kinachofanya kazi ni mafuta yaliyochemka kisawasawa na samaki asiyechuruzika maji, basi.

Sisi majumbani tunafanya kinyume. Ngisi katoka kwenye barafu, umemuosha, umemkamulia ndimu kutoa shombo (hapo sawa), halafu badala ya kumsuuza na kumkausha unamtia tangawizi na saumu mbichi iliyotwangwa na chumvi, unamwacha anaogelea humo saa nzima, na chumvi nayo kazi yake ni kuvuta maji yatoke nje. Mafuta mazuri ya kukaangia ni kama nyuzi 180, maji yanachemka kwenye 100, kwahiyo ukimtumbukiza huyo ngisi moto unaanza kuhangaika na maji kwanza, yale mapovu yote unayoyaona ni mvuke unatoka, na maji yasipoisha unga haukauki hata ufanyeje. Ukisema umsubirie mpaka akauke ndo unaharibu kabisa, maana ngisi anataka dakika moja au mbili tu, akizidi hapo anakuwa mpira, labda umchemshe nusu saa na zaidi ndo alainike tena, na hilo ni pishi lingine. Saumu yenyewe ishaungua imekuwa chungu.

Kwahiyo mimi nasema hivi, ukishamaliza kuosha mpanguse kwa kitambaa safi au tishu za jikoni, mpanguse kwelikweli ndani na nje, mtandaze kwenye sinia akae kwenye friji bila kufunikwa kama muda upo. Ngisi akate pete, ile ngozi ya zambarau uitoe na kile kijiti cheupe cha ndani kinachofanana na plastiki uking'oe. Kamba ukimwacha na mkia mkate kile kincha cha mwisho halafu ukamue kwa upande wa kisu, utaona tone la maji linatoka, hilo tone ndo huwa linakurushia mafuta usoni. Chumvi weka dakika ya mwisho, na viungo viwe vikavu, pilipili manga, bizari, saumu ya unga.

Unga una nafasi yake, sikatai. Ngano peke yake ukiikoroga sana na maji inavutika na inatoka ngumu, mie nachanganya unga wa mchele nusu na kornflawa nusu, vikavu hivyohivyo, namgaragaza ngisi nakung'uta, anaingia karaini palepale. Ukitaka uji wa kuchovyea basi waige Wajapani kwenye tempura, yale mapishi yao ya kuchovya kamba na mboga kwenye uji wa unga na kukaanga, maji ya baridi sana na usikoroge mpaka mabuja yaishe, mabuja yana kazi yake. Na tempura yenyewe wanasema Wareno ndo waliwapelekea huko Japani karne ya 16, karne hiyohiyo Wareno walianza kujenga Fort Jesus pale Mombasa, mwaka 1593, yaani wenzetu wameachiwa mapishi sisi tumeachiwa mizinga, haya bwana.

Kwenye mafuta usiwe na haraka. Chovya mpini wa mwiko wa mbao, vipovu vikiuzunguka fasta yako tayari. Tia kidogo kidogo, ukimwaga bakuli zima joto linashuka na kila kitu kinakunywa mafuta. Na sikiliza karai, mwanzo linapiga kelele kubwa, kelele ikianza kupungua maana yake maji yamepungua, opoa.

Pweza yeye achemshwe kwanza mpaka alainike, apoe, akaushwe, ndo akaangwe.

Sasa tuje kwenye ugomvi wangu wenyewe, hotpoti. Mtu kahangaika yote hayo, katoa kamba wanalia kacha, halafu anawashindilia kwenye hotpoti anafunga mfuniko kwa nguvu eti wasipoe! Ule mvuke unaenda wapi? Unagonga mfuniko unarudi kuwa maji unawadondokea, nusu saa ukifungua unakuta wamelegea hoi, na lawama zinaenda kwa kornflawa. Hata kuwarundika kwenye sahani yenye tishu sipendi, wa chini wanalowa. Waweke juu ya wavu wa oveni au chekeche, hewa ipite chini na juu. Ukwaju wa kuchovyea uwe kwenye kibakuli chake pembeni, na ndimu kila mtu akamulie kwenye sahani yake.

Najua mama mkwe ataona ni utovu wa adabu wageni wamekaa mezani wewe bado unakaanga, lakini kitu cha dakika mbili kina haraka gani, waanze na uji na tende vinakuja. Na kama unapeleka futari nyumba ya pili beba ngisi aliyekaushwa kwenye kontena, unga wake kwenye mfuko, ukakaangie hukohuko, sidhani kama kuna mwenyeji atakunyima karai.