Binti aanze meikapu na umri gani? Naona tunagombana na lipstiki huku mkorogo tunaupisha mlangoni

Mwezi wa tisa mwaka jana nilienda kwenye mahafali ya darasa la saba ya mtoto wa dada angu hapa Dar. Wahitimu walipopita mbele nikashtuka, watoto wa miaka 12, 13, karibu nusu ya wasichana wamepakwa kamili kabisa, yaani faundesheni, nyusi zimechongwa, kope za kubandika, lipstiki nyekundu, utadhani wanaenda send-off. Nyuma yangu wamama wawili wakaanza kubishana, mmoja anasema jamani wamependeza ni siku yao moja tu, mwingine anasema mnawazeesha hawa na kesho mtakuja kulia hapa hapa.

Mama yangu, bibi wa mhitimu, pale ukumbini hakusema kitu. Tulipofika nyumbani akamtazama mjukuu wake akamwambia, nenda kanawe uso mama. Basi, hilo tu. Dada akanuna. Usiku ule ule macho ya mtoto yakavimba kwa ile gundi ya kope, asubuhi hayafunguki vizuri, na hapo ndo ugomvi ukapata pa kushikia, bibi anasema si mmeona, dada anasema gundi ndo ilikuwa mbovu, meikapu haina kosa.

Mie nina wangu wa miaka 11 na ameshaanza kuuliza, kwa hiyo hili jambo limenikaa kichwani muda mrefu. Nimekuja kuona kwamba bibi na dada wote wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia kitu chake.

Nianze na bibi. Watu wanadhani wazee wa pwani hawataki urembo kwa watoto, sio kweli hata kidogo. Kwetu Tanga mtoto anapakwa wanja akiwa bado mchanga, na Idi haifiki bila watoto wa kike kupakwa hina, mie mwenyewe nimelala na mikono imefungwa matambara ili hina ikolee. Ila kulikuwa na ngazi. Hina ya mtoto ilikuwa kiganja na ncha za vidole, lakini maua ya piko, ile rangi nyeusi, mpaka kwenye mkono, singo na liwa za kusugua na kupaka mwili, kujifukiza udi, hayo yalikuwa ya mwali, yaani binti aliyevunja ungo, na alikuwepo somo au kungwi wa kumfundisha, hajifundishi mwenyewe wala hafundishwi na wenzie. Kwa hiyo swali la umri gani lilikuwa na jibu, na jibu halikuwa namba, lilikuwa hatua fulani ya mtoto na mtu mzima pembeni yake.

Sasa tuwe wakweli, ile hatua ilikuwa inaelekea wapi? Ilikuwa inaelekea kwenye ndoa. Mwali akipambwa akatolewa, watu wanajua huyu yuko tayari kuposwa. Ndo maana bibi akiona lipstiki kwenye mdomo wa mtoto wa miaka 13 yeye haoni rangi, anaona tangazo. Na woga wake una msingi, sheria yetu ya ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti kuolewa na miaka 15 mzazi akiridhia, mpaka Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, akaenda mahakamani, Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vile vifungu vinaenda kinyume na katiba, serikali ikakata rufaa na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi ule. Yaani ni juzi tu. Mtu aliyeishi miaka yote hiyo akiona wenzie wanatolewa shule wakaolewe, kumwambia lipstiki ni mchezo tu wa watoto ni kumuonea.

Lakini hapo hapo ndo natofautiana naye. Kwa binti wa leo kujipaka hakuna uhusiano na kuolewa. Anaiga mama yake, anaiga anaowaona kwenye simu, anataka afanane na wenzie, na wakati mwingine anapenda rangi tu kama anavyopenda kuchora. Sisi ndo tunaomwekea maana ya kikubwa juu ya uso wake, alafu tunamwadhibu kwa maana ambayo yeye hakuwa nayo.

Na hii hoja ya kwamba akijipaka wanaume watamsumbua naomba tuiangalie vizuri maana ndo inayotajwa kuliko zote. Mwaka 2016 sheria ya elimu ilirekebishwa, anayempa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela. Sheria haiulizi kama alikuwa amepaka lipstiki. Tukimwambia mtoto kwamba usipake maana utatamaniwa, tumeshamwambia kwamba likitokea la kutokea kosa ni la kwake, na mtoto mwenye mawazo hayo akiguswa na mtu hatasema nyumbani, ataogopa kuulizwa ulikuwa umejipaka nini. Hilo linaniogopesha kuliko rangi yoyote ya mdomo. Ila pia siwezi kujifanya sijui barabarani kukoje. Mtoto wa miaka 12 ukimbandika kope na faundesheni anaonekana ana 18, na kuna watu wazima wataongea naye kama wa 18, na yeye hana bado maneno ya kuwajibu. Kosa ni la kwao asilimia mia, lakini anayesimama pale peke yake ni yeye. Kwa hiyo kwa meikapu ya kumbadilisha umri mie niko na bibi, japo sababu zetu hazifanani.

Upande wa dada nao una uzito wake. Yeye anasema ukikataza kabisa mtoto hataacha, atajificha, na anasema hivyo kwa sababu sisi wawili tulijificha. Tulikuwa na lipstiki moja darasani, inazunguka wasichana sita, tunapakia chooni tunafuta kabla ya kufika nyumbani. Hakuna aliyetuambia kwamba lipstiki ya kuchangia inahamisha vidonda vya mdomo, wala kwamba wanja na maskara ya kuchangia inahamisha ugonjwa wa macho, wala kwamba maskara ikishafunguliwa inatakiwa itupwe baada ya miezi kama mitatu. Nyumbani kilichokuwepo ni neno moja tu, usipake. Alafu kuna watoto ambao kwao sio fasheni, binti mwenye kovu la moto shavuni, au ana chunusi mbaya mpaka anakaa dawati la nyuma asitazamwe, huyo ukimwambia subiri mpaka umalize kidato cha nne ni kama humuoni vile. Na upambaji ni kazi, mabinti wangapi mjini hapa wanalipa kodi ya nyumba kwa brashi, na wengi walianza kwa kuwapaka ndugu zao wakiwa wadogo.

Ila dada anakosea anaposema ni siku moja tu. Mtoto akishaambiwa kwenye siku yake kubwa kwamba umependeza kweli leo, na leo ndo siku ambayo sura yake imefunikwa yote, anaelewa nini? Mtoto wa dada baada ya mahafali alipiga picha zaidi ya hamsini, na picha ya sura yake ya kawaida aliyokuwa ameiweka kwenye simu ya mama yake akaifuta. Mie nikamuuliza mbona umefuta, akanijibu, mama mdogo ile nilikuwa mbaya. Ana miaka 13. Balehe kwa mabinti wengi inaanza kati ya miaka 8 na 13, yaani ndo kwanza sura yake inajitengeneza, hata hajaijua bado, na tayari ameshaikataa.

Sasa hapa ndo kwenye jambo linaloniuma. Wakati sisi tunagombana kuhusu lipstiki kwa sababu inaonekana, vitu vyenye madhara kweli vinapita na hakuna anayevigombeza, na vingine vinaletwa na sisi wenyewe.

Chukua wanja. Wanja wa jiwe wa asili mara nyingi unatengenezwa kwa madini yenye risasi, ile metali yenye sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, kwa mtoto inaharibu ubongo unaokua. Huo ndo wanja tunaompaka mtoto wa siku arobaini huku tumekataza lipstiki kwa dada yake. Nilipomwambia mama alikasirika, akaniuliza nyie mliopakwa mmekuwa wajinga? Sikuwa na jibu la kumpa mzazi wangu, nikanyamaza, lakini wangu sikumpaka.

Chukua piko. Hina yenyewe ni jani, ukisaga mwenyewe haina neno. Piko nyeusi ya haraka haraka inayopakwa mitaani wakati wa Idi na harusi, nyingi ni dawa ya kupaka nywele nyeusi, ina kemikali inaitwa PPD. Ulaya wanairuhusu kwenye rangi ya nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 inapogusa kichwa, kwenye ngozi moja kwa moja hairuhusiwi. Inaweza kutoa malengelenge na kuacha kovu la ua lile lile ulilochorwa, na mwili ukishaikataa mara moja hata ukubwani akipaka rangi ya nywele inaweza kumdhuru vibaya. Watoto wa miaka mitano wanapakwa hii kila Idi na wote tunasema mashaallah.

Na mkorogo ndo kabisa. Hapa nitasema bila kuzunguka maana nimeona nyumba ambazo binti haruhusiwi hata poda lakini mama anampaka krimu ya kumng'arisha kabla hajaenda kidato cha kwanza ili asichekwe weusi. Hizo krimu za kung'arisha nyingi zinakutwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Zebaki inaharibu figo, na mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza nchini na kuuza nje ya nchi vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni. Steroidi inafanya ngozi inakuwa nyembamba, inachanika kirahisi, kidonda hakiponi. Tanzania viambato hivi vimepigwa marufuku kwenye vipodozi siku nyingi, zamani wasimamizi walikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na tangu 2019 kazi ya vipodozi iko TBS, shirika la viwango, lakini ukienda sokoni unajua mwenyewe vinavyouzwa kwa kupimiwa kwenye vikopo visivyo na hata jina. Lipstiki mtoto ataifuta jioni, mkorogo haufutiki.

Na hata vile vya kwenye maduka mazuri sio kwamba viko salama kwa sababu vimeandikwa vya watoto. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilithibitisha kukuta asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayoleta saratani, kwenye vipodozi vya maduka ya Claire's na Justice, maduka ambayo wateja wake wengi walikuwa watoto wa kike. Na mwaka 2024 kule Sweden mtandao wa maduka ya dawa wa Apotek Hjärtat uliweka sharti kwamba krimu kali za kuchubua na kuzuia mikunjo hauziwi mtoto wa chini ya miaka 15 bila ruhusa ya mzazi, kwa sababu watoto walikuwa wanaziiga kwenye mitandao na kujiunguza ngozi. Nikasema kumbe wenzetu nao hawakuanza na swali la lipstiki, wameangalia kwanza nini kinaingia kwenye ngozi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza umri, mie namjibu inategemea kitu gani. Mafuta ya mdomo yenye rangi kidogo na hina ya kusaga nyumbani, sioni ubaya hata kwa miaka 11, shuleni asiende nayo maana shule ina utaratibu wake. Poda nyepesi na wanja wa penseli uliofungwa kiwandani, wake mwenyewe hachangii, akifika 14 au 15 kwenye sherehe, na mie nikiwepo. Faundesheni, kope za kubandika na kucha za gundi asubiri amalize kidato cha nne, ngozi yenye chunusi ukiizibia kwa faundesheni ya mafuta unaiongezea kazi, na ukisharudi hujanawa ndo kabisa. Kung'arisha ngozi hakuna umri, hata mimi sipaki. Mwenye kovu au ugonjwa wa ngozi huyo ana mjadala wake na daktari, hayumo kwenye hesabu hii.

Najua kuna watakaosema nimelegea na kuna watakaosema nimebana, na kwenye familia yangu wapo wote. Dada kope ameshakubali hazitarudi, lipstiki amegoma kuachia na mie sijamlazimisha. Mama bado ananiambia wanja wa jiwe hauna tatizo. Lakini Idi iliyopita alimkalisha wangu jikoni, wakasaga hina pamoja na ndimu, akamfundisha kuipima unene kwa kidole, na walipokuwa wanasubiri ikolee nikamsikia anamwambia mjukuu wake vile na yeye alivyofundishwa na bibi yake, mpaka saa nne usiku walikuwa bado wanaongea.