Mwacheni na vijiko vyake vya kutu

Jamani kuna swali limenichosha. Ukimwonyesha mtu Salad Fingers, yeyote yule, video ikiisha tu anakugeukia na uso umemkunjamana, "sasa hii maana yake nini?" Na asipouliza hilo basi atauliza aliyeitengeneza alikuwa amevuta nini. Ni hayo mawili tu, miaka nenda miaka rudi, na mi naona yote mawili ni mbinu ya kukimbia.

Kwa ambao hawajabahatika (au wamebahatika, sijui), hii ni katuni ya Mwingereza anaitwa David Firth, mtu wa Doncaster. Ya kwanza aliiweka mtandaoni Julai 2004, enzi zile za Flash, ile programu ya kutengenezea na kuchezeshea katuni mtandaoni, YouTube yenyewe haijazaliwa. Anachora mwenyewe, anatia sauti mwenyewe. Mhusika ni jamaa wa kijani, kipara, kajikunja mgongo, ana vidole virefu vyembamba vinaning'inia kama mabua, anaishi peke yake kwenye kibanda katikati ya uwanda mtupu ambao hauna hata jani. Na anapenda kutu. Siyo anapenda kawaida, yaani kutu ikimgusa kidole mwili mzima unamsisimka. Sehemu ya kwanza anatafuta kijiko cha kutu kilicho bora kuliko vyote, anaenda kubisha hodi kwenye nyumba ya watu, anakutana na kitoto, anakiomba vijiko kwa adabu zote. Basi. Haifiki dakika tatu, hakuna aliyechinjwa, hakuna jini lililoruka kutoka kabatini, lakini ukimaliza unajikuta umevuta miguu juu ya kiti na hujui uliivuta saa ngapi.

Mi niliiona mara ya kwanza 2009 kwenye intaneti kafe moja Tanga, nusu saa shilingi mia tano, hedifoni inasikika sikio moja. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha kwahiyo video ilikuwa inakwama kila baada ya sekunde kadhaa, na ikakwama pale pale kidole kikiwa juu ya kijiko, hakijamaliza kupapasa. Nikakaa nakitazama kile kidole sijui dakika ngapi. Hela inaenda. Jirani yangu anaandika barua ya kuomba kazi, kila akichungulia skrini yangu anasogeza kiti chake kidogo, mwisho akahama kabisa akaenda kompyuta ya mlangoni. Hakusema neno. Mpaka leo naona yule bwana ndo mtazamaji mwaminifu kuliko wote niliowahi kukutana nao.

Sasa kinachotisha ni nini pale? Watu wengi wanasema sura. Mi nasema ni adabu. Sauti yake nyororo, ya taratibu, kama kibibi cha Kiingereza kinachokukaribisha chai, anaomba samahani, anaomba ruhusa, anashukuru. Zimwi la kawaida linanguruma, unajua la kufanya, unakimbia. Huyu anakupigia hodi vizuri. Hebu fikiria mtu anagonga mlango wako saa nane usiku, hagongi kwa fujo, anagonga taratiiibu, anasema samahani nimekusumbua, una kijiko? Ungefungua?

Alafu kuna ule muziki. Ni wa Boards of Canada, kundi la Uskoti, uko kwenye albamu yao ya 2002 kwahiyo haukutungwa kwa ajili ya katuni hii hata kidogo, lakini nenda kamuulize mtu aliyeangalia akiwa na miaka kumi na moja halafu mpigie sekunde tano tu za ile sauti inayoyumba. Nina rafiki, mtu mzima, ana watoto wawili, anaendesha lori la mizigo Tunduma mpaka Lubumbashi peke yake usiku, nilimpigia ule wimbo kwenye simu akaniambia zima, nisikie vizuri kabisa, zima.

Turudi kwenye hili la maana. Watu wametunga nadharia mpaka zimejaa. Wako wanaosema dunia yake iliisha kwa bomu la nyuklia na yeye ndo kabaki na mionzi yake. Wako wanaosema ni askari aliyeharibikiwa akili na Vita Kuu ya Kwanza, na hawa angalau wana cha kushika maana kuna sehemu anafukua maiti ardhini, anaiita mdogo wake Kenneth karudi likizo kutoka vitani, anaiandalia chakula, wanapiga stori, wakimaliza anairudisha ilikotoka. Mwingine atakwambia kila kitu kipo kichwani mwake tu, hata wale vikaragosi vyake vya vidoleni, Hubert Cumberdale, Marjory Stewart-Baxter na Jeremy Fisher, ni ndugu zake waliokufa.

Sawa. Sikatai, na nyingine zimetungwa kwa akili kweli. Ila angalia zinatokea saa ngapi. Zinatokea mtu akishaogopa. Ukishaambiwa huyu ni askari mgonjwa unapumua, aah kumbe, unamweka kwenye faili unafunga droo. Nadharia ni kama kuwasha taa chumbani, na mwenye kuwasha taa hana kosa, kila mtu anataka kulala. Lakini tusiseme kwamba tumeielewa katuni, tuseme tumejituliza. Hilo jina lenyewe la Salad Fingers unajua limetoka wapi? Firth alikuwa anapiga gitaa, rafiki yake akamtania kwamba ana vidole vya saladi. Utani wa vijana wawili na gitaa. Nenda basi kaitafutie hiyo maana ya Vita Kuu.

Na hapa nyumbani ingefaa tuwe wa mwisho kuuliza hilo swali maana sisi tuna vinyago vya shetani vya Wamakonde. Pita Mwenge pale Dar es Salaam kwenye vinyago uangalie, mkono umetoka tumboni, jicho moja, mguu unaishia kwenye mdomo. Watalii kazi yao ni kuuliza hii ina maana gani, na mchongaji mjanja anawatungia stori papo kwa papo kwasababu stori inapandisha bei. Inasimuliwa kwamba mtindo ule ulianzia miaka ya hamsini kwa mzee mmoja anaitwa Samaki Likankoa, kinyago chake cha kawaida kilivunjika mkono, badala ya kukitupa akakichonga kile kilichobaki kikawa kiumbe kingine. Mkono umevunjika, basi! Na bibi zetu walipotusimulia zimwi lenye mdomo kisogoni hakuna mtoto aliyeuliza utotoni mwake lilionewa na nani. Tuliuliza limeshafika wapi.

Hili la "alikuwa amevuta nini" sitalipigia kelele sana, ila ni dharau. Jamaa amekaa anachora, anapangilia midomo iendane na sauti, anatengeneza ule ukimya wa sekunde mbili kabla ya neno, hiyo ni kazi ya mtu mwenye kichwa kimetulia kuliko mimi na wewe. Mtu akichora ua zuri hatumuulizi amekunywa nini.

Wanaocheka mi niko nao. Kuna watu wanawaona wanaocheka kama hawana utu, lakini katuni inachekesha jamani, anaonja vile vikaragosi kimoja kimoja kama anaonja mchuzi halafu anamwambia Hubert Cumberdale ana ladha ya masizi na mavi, kwa sauti ile ile ya chai na biskuti, usicheke una nini? Kicheko cha pale siyo cha furaha, ni kama kile cha msibani kinachokubana mtu akijikwaa.

Kitu kingine, hii haitoki kichwani kwa watu. Sehemu ya kumi ilitoka 2013, ya kumi na moja ikaja Januari 2019, miaka zaidi ya mitano katikati, ungedhani wamesahau. Waliosubiri walikuwa wameshaoa na kuachika. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe, kampuni yenye hiyo Flash, wakaizika, na watu wakahangaika kweli kuhakikisha vitu kama hivi havipotei, leo unaiona hata YouTube. Yaani mtu anapambana kuokoa kitu kilichomnyima usingizi akiwa darasa la sita. Sina maelezo ya hilo na wala sitafuti.

Na wazazi, tafadhali, kuchorwa siyo kigezo. Hii siyo ya watoto. Nimemaliza.

Sasa Krismasi iliyopita tulikuwa kwa shangazi, mi na binamu zangu wawili, nikajifanya mjuaji nikairusha kwenye TV ya sebuleni. Shangazi alikuwa pembeni na ungo anachambua maharage, nikajua atatufukuza. Binamu mmoja sekunde ya thelathini akauliza maana yake nini, nikamwambia nyamaza. Wa pili akauliza huyu mzungu alikuwa anavuta nini. Shangazi katulia, anaangalia, anachambua. Mwisho akasema, "Huyu hana ndugu?"

Nikamwambia hana, shangazi.

"Nani anampikia?"

Sikuwa na jibu, miaka yote ile sijawahi kujiuliza. Ikaja sehemu ya pili, ile kitoto kinakuja kumtembelea, anakiomba kimsaidie kuweka samaki kwenye oveni, yeye msumari wa kutu unamtoboa kidole anazimia kwa raha, kitoto ndo kimebaki humo ndani ya oveni. Mikono ya shangazi ikasimama kwenye ungo. Hakupiga kelele, hakusema shetani ashindwe wala nini, akasema tu zimeni tule.

Tukala, watu wakaondoka, mi nikalala pale pale kwenye kochi. Saa sita hivi nasikia mlango wa chumbani kwake, katoka na kanga kichwani, nikadhani anaenda chooni. Akasimama kwenye korido, hakuwasha taa.

"We mwanangu, yule mtoto walimtoa?"

Nikamwambia alitoka, shangazi. Akasema haya, akarudi kulala. Mi nikabaki macho mpaka adhana ya alfajiri.